Umeitwa kampasi ndogo ya miaka miwili? Uliza kwanza kuhusu mwaka wa tatu

Mwisho wa Machi ukikaribia, vyuo vya Marekani huanza kutoa majibu kwa walioomba nafasi. Hapo ndipo familia nyingi hapa Kenya hufungua barua pepe na kukuta jibu ambalo halikutarajiwa: umekubaliwa, lakini si kwenye kampasi ile uliyoiona kwenye picha. Umeitwa kampasi ndogo, mji mwingine, na utakaa huko miaka miwili ya kwanza.

Sisi kazi yetu ni malipo. Lakini tumejifunza kwamba swali la "nitalipaje?" huja haraka mno, kabla ya "nalipia nini hasa?" Na pesa ya kushika nafasi ikishatoka, mara nyingi hairudi. Kwa hivyo leo tutaanza na hilo la pili, halafu tufike kwenye simu yako.

Tuchukue familia ya mfano. Tumeitunga sisi wenyewe kwa ajili ya somo hili. Wako Nakuru. Mama ana duka la vifaa vya ujenzi, baba ni mwalimu. Binti yao alimaliza kidato cha nne, akakaa nyumbani mwaka mmoja akituma maombi. Anataka kusomea mambo ya afya ya jamii. Aliomba Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta, jimbo la Georgia. Fomu ya Emory inakuruhusu kuchagua kampasi ya Atlanta, kampasi ya Oxford, au zote mbili, na kila moja inatoa jibu lake. Yeye alichagua zote mbili. Atlanta wakasema hapana. Oxford wakasema karibu, na wakampa msaada wa karo.

Ana barua nyingine pia. Chuo kikubwa cha jimbo lingine, miaka minne yote palepale, na msaada mdogo tu.

Kwenye kikundi cha WhatsApp cha familia, mjomba aliye Houston akaandika kabla ya kunawa uso: "Dada, hiyo Oxford ni tawi tu. Chuo chenyewe kimemkataa. Mpeleke kule kwingine." Binti akajibu kwa heshima zote: "Uncle, ni chuo kilekile." Mama akauliza swali ambalo kila mama mwenye duka angeuliza: "Sasa nalipa wapi?"

Mjomba hakukosea kuwa na wasiwasi. Alikosea kudhani kampasi zote za miaka miwili ni kitu kimoja.

Miaka miwili ya aina tatu

Aina ya kwanza ndiyo hii ya Oxford. Mji wa Oxford, Georgia, uko kama kilomita 60 mashariki ya Atlanta. Hapo ndipo Emory yenyewe ilipoanzia mwaka 1836. Atlanta ilikuja baadaye, baada ya mwaka 1915, na kampasi ya zamani ikabaki. Kwa hivyo hilo "tawi", kihistoria, ndilo shina. Mwanafunzi wa Oxford anasoma hapo miaka miwili, anapata shahada ya awali ya miaka miwili, halafu anaendelea Atlanta mpaka amalize. Akitimiza masharti ya masomo haombi nafasi upya ili kuingia kitivo cha sanaa na sayansi. Wanaotaka shule ya biashara au ya uuguzi wana masharti ya ziada, na hao wayasome kwa makini. Cheti cha mwisho ni cha Emory.

Aina ya pili ni kama Penn State, Pennsylvania. Kile chuo kina kampasi nyingi zilizotawanyika jimboni, na mwanafunzi anaweza kuanza kwenye ndogo miaka miwili kisha akahamia kampasi kuu ya University Park. Mpango ni mzuri, na wengi wamepita njia hiyo. Lakini kuna mambo mawili ya kuangalia. Karo ya University Park ni ya juu kuliko ya kampasi ndogo, na karo ya mwaka wa tatu na wa nne iko juu kuliko ya miaka ya mwanzo. Ukipiga hesabu ya miaka minne kwa kutumia bili ya mwaka wa kwanza, umejidanganya. La pili ni zito zaidi: Mei 2025 bodi ya chuo hicho ilipiga kura kufunga kampasi saba ndogo baada ya muhula wa masika wa 2027. Sisi Wakenya hatuhitaji kuelezwa sana hapo. Tuliona kampasi za mijini zikifunguliwa juu ya maduka na benki, kisha tukaziona zikifungwa.

Aina ya tatu ni kile Wamarekani wanachokiita chuo cha kijamii. Hiki ni chuo kinachojitegemea, karo yake ni nafuu, na baada ya miaka miwili unaomba nafasi upya kwenye chuo kikuu kama mtu mwingine yeyote. Baadhi ya majimbo yana makubaliano ya kurahisisha. California, kwa mfano, kuna mpango wa kuhakikishiwa uhamisho kwenda kampasi sita za Chuo Kikuu cha California, lakini Berkeley na UCLA hazimo kati ya hizo sita. Watu wangapi wameondoka hapa wakiambiwa "utaanzia pale halafu utaingia Berkeley", kana kwamba ni kushuka matatu moja na kupanda nyingine?

Unaona sasa kwa nini neno "miaka miwili" halitoshi. Swali la kuiuliza barua yoyote ya aina hii ni moja: mwaka wa tatu nitakuwa wapi, nani ananiruhusu kufika huko, na nitalipa kiasi gani? Majibu yawe kwa maandishi, kutoka ofisi ya udahili ya chuo chenyewe. Wakala wa Westlands si ofisi ya udahili.

Udogo wenyewe ni faida au hasara?

Oxford ina wanafunzi kama 1,000. Kuna shule za upili za bweni hapa Kenya zenye watu wengi kuliko hao. Madarasa ni madogo, wanaofundisha ni wahadhiri wenyewe, na wanafunzi wote wanaishi kampasi. Kuna shamba la kilimo-hai la chuo, ambalo litamfurahisha shosho kuliko maktaba. Mji ni mdogo na umetulia. Waliotazama The Vampire Diaries wameshauona mji wa jirani, Covington, bila kujua, maana mchezo ule ulipigwa picha hapo. Ukitaka jiji, kuna basi la chuo la kwenda kampasi ya Atlanta.

Kwa mtoto aliyetoka shule ambako mwalimu alijua jina lake na jina la baba yake, hii inaweza kuwa njia laini ya kuingia nchi ngeni. Kwa mwingine ni kifungo. Tunasema hivyo bila kuzunguka kwa sababu wazazi wengi hufikiria mji mdogo ni usalama na basi. Kijana aliyekulia Nairobi anaweza kuhesabu siku kama mtu aliye jela.

Pia masomo ni machache. Kampasi ndogo haiwezi kuwa na kila lugha na kila kozi ya juu. Kama unajua leo kwamba unataka somo fulani adimu kuanzia muhula wa kwanza, fungua orodha ya kozi za kampasi hiyo, si ya chuo kizima, uone kama lipo.

Mjomba wa Houston alikuwa na hoja nyingine: "Atlanta kuna kazi." Kweli. Makao makuu ya CDC, lile shirika la serikali ya Marekani la kudhibiti magonjwa, yako ubavuni mwa kampasi ya Emory Atlanta. Kwa binti wa afya ya jamii hiyo ni kama kupanga chumba nyuma ya soko. Lakini sikiliza: mwanafunzi wa kigeni mwenye viza ya F-1 kwa kawaida haruhusiwi kufanya kazi nje ya kampasi mwaka wa kwanza, na kazi ya ndani ya kampasi ina kikomo cha saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Sehemu kubwa ya zile kazi za Atlanta zingemsubiri hata kama angekuwa anaishi mlangoni. Akifika huko mwaka wa tatu, anafika wakati zinapoanza kuwa na maana kwake. Hapa sisi tungempa binti pointi.

Na tafadhali, pesa ya kazi ya kampasi usiiweke kwenye hesabu ya karo. Hiyo ni ya sabuni, vitabu na simu.

Hesabu ya mama mwenye duka

Sasa kalamu. Takwimu hizi za familia yetu ni za mfano, kila barua ina zake. Tuseme baada ya msaada, Oxford inabakisha dola 9,000 kwa mwaka za familia kulipa: karo, malazi na chakula pamoja. Kile chuo kikubwa kinabakisha dola 21,000. Kwa shilingi 130 kwa dola, hiyo ni 1,170,000 dhidi ya 2,730,000. Kila mwaka.

Tofauti ni 1,560,000 kwa mwaka. Kwa miaka minne ni zaidi ya milioni sita. Ni ploti hiyo, na nyumba juu yake. Mjomba anaweza kupenda jina kubwa, lakini tofauti hiyo nani anailipa?

Hata hivyo usishangilie bado. Dola 9,000 ni za mwaka wa kwanza. Hapo ndipo swali la mwaka wa tatu linarudi, safari hii likiwa limevaa suti ya fedha: je, msaada huu unamfuata Atlanta? Unabaki kiasi kilekile karo ikipanda, au unapanda nayo? Kuna alama fulani za masomo lazima azishike ili usikatwe? Vyuo vingi huwabana wageni kwenye msaada: usipoomba wakati wa kutuma maombi, huwezi kuomba baadaye. Kwa hivyo mzazi anayesema "tutaanza, Mungu atafungua njia mwaka wa pili" anahitaji kujua kama dirisha la huo mwaka wa pili lipo. Tunamheshimu Mungu, lakini ofisi ya fedha ya chuo ina kanuni zake.

Halafu kuna dola yenyewe. Januari 2024 dola moja ilipita shilingi 160. Kufikia Aprili mwaka huohuo ilikuwa karibu 130. Zile dola 9,000 zinasomeka 1,170,000 kwa kiwango kimoja na 1,440,000 kwa kingine. Shilingi 270,000 zimezaliwa hewani, na mtoto hajanunua hata koti la baridi. Ukipanga bajeti ya miaka minne, panga kwa kiwango kibaya. Kikija kizuri, kinachobaki ni nauli ya kuja nyumbani Desemba.

Angalia pia kwamba kiwango unachokisikia kwenye habari sicho unachouziwa. Benki au kadi ikikuuzia dola kwa shilingi 4 zaidi, kwa dola 9,000 umetoa 36,000 bila kuziona. Kabla ya kubonyeza, uliza kiwango cha siku hiyo na makato yote, mahali pawili au patatu.

Nini kinapita kwenye simu na nini hakipiti

Kwa sasa akaunti ya pesa za simu hapa Kenya inaweza kushika hadi shilingi 500,000, na muamala mmoja hauzidi 250,000. Viwango hivyo vilipandishwa Agosti 2023. Kwa hiyo malipo madogo ya safari hii yanafaa kabisa kwa simu, hasa kwa kadi ya mtandaoni iliyounganishwa na akaunti yako: ada ya maombi, malipo ya kushika nafasi kama chuo kinayataka, ada ya SEVIS ambayo ni dola 350, yaani kama shilingi 45,500 kwa kiwango chetu cha 130. Ada ya viza ya mwanafunzi ni dola 185, kama 24,050. Hiyo ilipe kwa njia ambayo ubalozi umeelekeza.

Karo ya muhula haifai kugawanywa vipande vipande kwenye simu. Nusu ya 1,170,000 ni 585,000, na hiyo tayari imevuka kikomo. Tumia benki au kampuni ya malipo ambayo chuo chenyewe kimeiweka kwenye ukurasa wa mwanafunzi, pamoja na namba yake ya utambulisho, ili pesa isije ikaelea bila jina.

Kuna jambo ambalo hushtua wenye biashara. Ili chuo kitoe fomu ya I-20 ya kuombea viza, familia lazima ionyeshe ushahidi wa pesa za mwaka wa kwanza. Mama wa Nakuru anauza vizuri, lakini mauzo yake yote yanaingia kwenye simu na kutoka jioni kwenda kwa wauzaji wa saruji. Hakuna mahali milioni moja imewahi kulala. Akianza Aprili kukusanya kutoka chama, Sacco na kwa ndugu, taarifa ya benki itaonyesha pesa iliyoingia jana, na afisa wa viza atauliza imetoka wapi. Anza kuhamisha akiba kwenda benki miezi kabla, kidogo kidogo, na uweke rekodi. Taarifa ya miamala ya simu unaweza kuipakua. Inasaidia kueleza biashara inavyotembea.

Na sasa lile tusilochoka kulisema. Chuo halali hakitakuomba utume karo kwa namba ya simu ya mtu binafsi, hata kama mtu huyo ana picha amesimama mbele ya geti la chuo. Mwaka 2023 wazazi wa Uasin Gishu waliandamana wakidai pesa walizolipia mpango wa masomo wa Finland na Kanada. Pesa ya karo iende kwa chuo moja kwa moja, kwa jina la mwanafunzi, na risiti iingie kwenye akaunti yake ya chuo. Akikupigia mtu akisema nafasi inaisha leo saa kumi, kata simu, fungua ukurasa wa chuo mwenyewe, soma tarehe. Na PIN yako haihusiani kabisa na udahili wa mtu yeyote.

Kama kijana ana nafasi ya KUCCPS, msiitupe siku barua ya Marekani ilipofika. I-20 si viza. Ulizeni chuo cha hapa kama kinaruhusu kuahirisha, na mngoje mpaka pasipoti irudi imebandikwa.

Turudi Nakuru. Binti aliandika barua pepe fupi kwa ofisi ya udahili na ya msaada wa fedha: masharti ya kuendelea Atlanta ni yapi kwa somo ninalotaka, msaada wangu utakuwaje mwaka wa tatu na wa nne, na kozi hizi tatu zinafundishwa Oxford au nitazingoja? Mama aliongeza lake: tukihama kwenda Atlanta, kuna gharama gani mpya ya malazi? Baba akasahihisha Kiingereza. Mjomba aliombwa kitu kimoja tu, na hili alilifanya vizuri: kupiga simu ofisini kwa saa za kule, wiki ilipopita bila jibu.

Tarehe ya mwisho ya kujibu kwa vyuo vingi vya Marekani ni 1 Mei. Kwetu hiyo ni Sikukuu ya Wafanyakazi, benki zimefungwa. Georgia wakati huo wako nyuma yetu kwa saa saba, kwa hiyo watu hujipa moyo kwamba usiku bado upo. Usiutegemee. Kadi inaweza kukataa, kikomo cha siku kinaweza kuwa kimeisha kwa sababu ulilipia saruji asubuhi. Lipa kufikia tarehe 28 Aprili, piga picha ya risiti, na umtumie mtoto aihifadhi pamoja na zile barua pepe za majibu.